Mkwe Asiyeamrisha

Festo wa Nangwa alilelewa vizuri mno, na malezi hayo nusura yaue abiria wanne.

Nilimfundisha shule ya msingi. Alikuwa mtoto wa wafugaji, aliyeweza kuliacha kundi zima la ng'ombe litawanyike ili kwanza ampe mzee shikamoo yake. Baadaye akawa rubani, kisha nahodha wa ndege ndogo ya kukodi. Akamwoa Doris, binti wa Margwe. Margwe naye ni rubani, mwanajeshi mstaafu. Mwajiri wao, kwa hekima ambayo bado naitafakari, akawapanga ndege moja: mkwe nahodha, baba mkwe msaidizi wake.

Sheria ya kazi husema nahodha ndiye atoaye amri. Adabu ya kwetu husema baba mkwe haamriwi. Festo alizipatanisha kwa kutoamuru chochote.

Juni iliyopita walikuwa wakishuka kwenye kiwanja cha nyasi karibu na Basotu. Chini yao ngano ilikuwa imeiva.

"Shamba lile la nani, baba?" Festo akauliza, kwani kumnyamazia mkwe si uungwana.

"La Xavery. Tazama alivyopanda, utadhani alikuwa anakimbizwa."

"Na lile lenye magugu?"

"Hilo usiulize. La shemeji yangu."

Wakacheka kwa heshima. Magurudumu yalikuwa bado yamekunjwa tumboni mwa ndege. Margwe alingoja aamriwe, kama mwanajeshi mwema. Festo alingoja mzee ayashushe mwenyewe, kama mkwe mwema. King'ora cha tahadhari kilipolia, kila mmoja alimtazama mwenzake kwa upole, akiamini kwamba mwenzake analishughulikia jambo hilo.

Nyasi zilipoanza kuonekana moja moja, adabu ikamtoka Festo.

"Margwe! Magurudumu!"

Mkono wa mzee ukaruka kwenye wenzo. Festo akaongeza nguvu ya injini, ndege ikapaa tena, ikazunguka Ziwa Basotu, ikatua salama.

Abiria waliisambaza habari, na ukoo ukaitisha kikao kizito nyumbani kwa Margwe. Je, walijadili magurudumu? La hasha. Walijadili jina.

"Amemwita baba mkwe kama anaita mbwa!" akalalamika Fausta, shangazi wa Doris. "Doris arudi kwao mpaka huyu ajifunze adabu."

Festo aliinamisha kichwa, tayari kuomba radhi kwa kosa la kuwaokoa watu. Doris alianza kulia. Ndipo Margwe akainuka.

"Dada Fausta, angeanza na shikamoo, leo ungekuwa unanililia kaburini. Doris haendi popote." Akamgeukia mkwewe. "Nawe nahodha, heshima zangu niachie hapa chini. Huko juu niite Margwe, tena kwa sauti."

"Sawa, baba."

Mzee akamkazia macho.

"Sawa... Margwe."

Fausta akachukua mtandio wake, akatoka bila kuaga.