Leta ni Siye

Hata leo nikiikumbuka asubuhi ile, mwanangu, miguu hii mizee inataka kucheza! Wewe sikiliza tu. Chai ikitaka kupoa na ipoe.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikimbia kutoka upande wa Djugu tukaingia mjini Bunia: mimi, baba mkwe wangu Muzee Yakobo, mtoto wangu Neema mgongoni, na ng'ombe wetu Malaika. Hofu ilikuwa imenikausha matiti. Maziwa ya Malaika ndiyo yaliyomweka Neema hai.

Ng'ombe wote wa wakimbizi walilishwa kwenye uwanja mmoja nyuma ya mtaa wa Ngezi, ardhi ya serikali, au kama tunavyosema sisi, ya Leta. Na kitu cha Leta unajua tunavyokifanya! Kila mchungaji aliwahi alfajiri ili ng'ombe wake wale kabla ya ng'ombe wa mwenzake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini zile tuliziumiza wenyewe. Udongo ukaonekana, na maziwa ya Malaika yakapungua.

Muzee Yakobo akawaita wachungaji. "Majani imechoka," alisema. "Tufunge upande wa juu, ilale mpaka mvua ikuye."

Papa Justin, mchungaji mwenye mdomo kuliko wote, akacheka. "Iyi udongo ni ya Leta, Muzee. Weye ni Leta?"

"Leta alikimbia! Nimepita ku biro yake: mulango iko wazi, mbuzi inalala chini ya meza. Kama Leta haiko, basi Leta ni siye."

Tulicheka mpaka machozi, na kicheko hicho ndicho kilichowalainisha, wakakubali. Hapakuwa na waya wala ua. Walifunga mafundo ya majani kando ya njia, na penye fundo ng'ombe hapiti.

Akiba haiozi, lakini njaa haijui methali. Neema alilia mchana kutwa. Nikamsihi baba mkwe amwachie Malaika aingie, hata kwa muda mfupi tu.

"Mama Neema," akasema, macho yamemjaa machozi, "nikipitisha ngombe ya mujukuu wangu, kesho nitakataza nani?"

Nilimkasirikia, sikufichi. Ila Papa Justin alikuwa karibu, akasikia. Jioni alikuja kwetu na kikombe cha maziwa. Kesho yake akaja mwingine. Neema akawa mtoto wa uwanja mzima, na fundo hakuna aliyeligusa.

Kisha mvua! Majani yalipofika magotini, asubuhi moja Muzee akafungua fundo. Lo, mwanangu! Malaika, ng'ombe mpole yule, akarusha mateke kama ndama. Papa Justin akaruka naye akipiga kelele, "Leta amefungua! Leta amefungua!" Nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Maziwa yakarudi, na Neema akanenepa. Neema yule ndiye aliyekuzaa wewe.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnalisha kule juu mpaka mizizi, mkiulizwa mnajibu, "Ni ya Leta." Leta gani, mwanangu? Ni wewe! Yapumzishe majani kabla hayajafa. Na ukimwambia mwenzako angoje, mpelekee kikombe, asingoje na njaa peke yake. Mungu akupe majani ya magotini, na majirani kama wale walionilelea mama yako.