Mashine ya Boti Juu ya Magamba

Kaka yangu alikufa majini, na sisi ni watu wa mlimani. Kwetu Magamba maji tunayoyajua ni ya mfereji, ya mvua na ya ukungu. Hakuna ambayo mtu anaweza kuzama ndani yake hata akitaka. Aliondoka kwa sababu shamba la baba lilikuwa limegawanywa na kugawanywa tena, mpaka ukigeuza jembe vibaya unakata kahawa ya jirani. Akashuka kwenda kuvua samaki katika bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Moshi, miaka ile watu walipokuwa wakimiminika huko kutoka kila pembe. Huko akanunua mashine ya boti iliyokwishatumika, ya kufunga nyuma ya boti na kuwasha kwa kuvuta kamba. Kila alipokuja nyumbani alituhadithia habari za mashine ile kama wengine wanavyohadithia habari za ng'ombe wao.

Simu ya maandishi ya kifo ilichelewa kunifikia chuo kikuu Dar es Salaam. Nilipofika nilikuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka.

Aliyeileta mashine ni rafiki yake aliyekuwa akivua naye, kijana Mpare mpole aliyekuwa na boti yake. Alikaa sebuleni kwetu, mikono katikati ya magoti, akaeleza alichokiona. Alasiri ile upepo ulianza ghafla. Kaka alikuwa amezima mashine ili avute nyavu. Akasimama kuiwasha. Akavuta kamba, haikuwaka. Akavuta tena na tena. Boti ikageuka ubavu, wimbi likapiga, na rafiki alipotazama tena aliiona boti na mashine yake, mtu hayupo.

Maneno hayo yangetosha kwa watu wengine. Hayakutosha kwetu, kwa sababu kabla hata matanga hayajaisha, kanisani mnong'ono ulikwishaanza kuzunguka: kule bwawani vijana wanakunywa, mlevi huweza kusahau hata kufungua mfuniko wa hewa wa tangi la petroli, na mashine isiwake. Mama aliyasikia. Baba aliyasikia. Hakuna aliyeyarudia nyumbani.

Ikafika siku ya kugawa vitu vya marehemu. Ukoo wetu una desturi kwamba kila alichoacha mtu lazima kipate mwenyewe, hata kiwe kijiko, ndipo msiba unafungwa. Mpaka hapo mama mzazi hulala chini kwenye mkeka. Mjomba alichukua koti. Baba mdogo alichukua redio. Mimi nilipewa saa. Ilipofika zamu ya mashine, watu walitazama dari.

"Mpeni huyu msomi," alisema mjomba. "Akaifunge kwenye dawati."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani kisichokwenda mbali. Baba hakucheka.

"Haitolewi leo," alisema. "Sitampa mtu kitu kilichomuua mwanangu. Kwanza nijue kama kilimuua au hakikumuua."

"Sasa msiba haujafungwa," shangazi alisema. Yeye ndiye dada mkubwa wa baba, na hakuna aliyewahi kumkatiza. "Na mke wako ataendelea kulala sakafuni na baridi hii ya mwezi wa saba?"

"Ataendelea," mama alijibu mwenyewe kutoka jikoni.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mbao cha msituni, na masikio yake yalizoea injini. Nyuma ya nyumba alichimbia nguzo mbili, akapigilia ubao wa mkangazi, akaifunga mashine pale. Chini yake tuliweka pipa la maji ili panga la kusukuma maji liwe na mahali pa kuzunguka na injini ipate maji ya kujipoza. Siku ya kwanza tulivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Ilipowaka, iliwaka kwa kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, kisha ikazima. Ukiiongezea petroli inanguruma. Ukiiachia ipumue taratibu, inakata.

Baba alinyanyua uso. Sikuwa nimeuona ukichangamka hivyo tangu nifike. "Umesikia?" aliniambia. "Inaumwa."

Kuanzia hapo kila ubovu tulioupata ulikuwa faraja. Tulikuta petroli ya zamani imeingia maji. Tukaimwaga, tukaweka mpya. Tukafungua kabureta, tukaisafisha kwa unyoya wa kuku, na ndani tukakuta uchafu kama chembe za ugoro. Baba aliufuta uchafu ule kwa kitambaa, akampelekea mama jikoni. Tukatoa plagi mbili. Zilikuwa nyeusi tii, zimelowa. Nazo akampelekea.

"Tazama, mama watoto. Na hii ingewakaje?"

Mama alizishika plagi kama mtu anavyoshika meno ya mtoto yaliyong'oka. "Isingewaka," alisema.

Majirani walipita kuchungulia uani. "Mzee, gharika inakuja lini?" aliuliza mmoja. "Utuwekee na sisi nafasi." Shangazi alisema wengine hutwanga maji kwenye kinu, sisi tunayatwanga kwenye pipa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyetuuzia petroli kidogo kutoka kwenye dumu la lori la ujamaa, alisimama akatazama moshi wetu.

"Ndugu," alimwambia baba, "petroli ya kijiji mnaichemshia maji?"

"Naichunguza, ndugu mwenyekiti."

"Na ikipona, mtavua wapi? Kwenye mfereji?"

Baba alimpa kiti.

Mimi ndiye niliyeanza kuona kasoro. Chuo kilikuwa kimenifundisha kutoamini hotuba wala mahubiri wala maelezo yanayokuja haraka, na sikuweza kuiacha tabia hiyo getini. Plagi tulizosafisha kwa msasa zilirudi nyeusi baada ya siku mbili. Tukanunua mpya Lushoto. Nazo zikawa nyeusi. Cheche zilikuwa nzuri, za buluu, nilizijaribu mwenyewe. Mpira wa petroli tulibadilisha. Skrubu ndogo ya kupunguza petroli pale kwenye kabureta ilikuwa imeshikwa na kutu na haikusogea. Masizi yale, basi, hayakuwa ya bwawani. Yalizaliwa hapa hapa, uani kwetu. Kwa nini?

Jibu lilitoka jikoni. Mama alikuwa analalamikia maharage kama alivyolalamika tangu nikiwa mtoto: kwa dada yake kule Mombo yanaiva upesi, huku juu yanakuwa na kiburi. Nikakumbuka sababu yake. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha. Na injini inakula petroli pamoja na hewa. Ukiipandisha mlimani, kipimo cha petroli kinabaki kile kile, hewa inapungua. Inakuwa kama mtu anayelishwa ugali mfululizo bila kupewa nafasi ya kupumua. Hiyo ndiyo sababu ya moshi, ya masizi, ya kukohoa, ya kuwaka kwa shida.

Tulikuwa tumechukua mashine ya bwawani, tukaipandisha kwenye ukungu wa Magamba, halafu tukaiuliza ilikuwaje kule chini.

Nilimweleza baba pole pole, kwa Kishambaa, ili nisionekane nahutubia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hapa inadanganya."

"Hapa hatuwezi kujua, Tate."

"Na chini?"

"Mombo iko chini hata kuliko bwawa. Kule ndiko inaweza kusema kweli."

Alifuta mikono. Ningefurahi angesema basi, tuache. Badala yake alimtumia salamu yule rafiki wa kaka aje Mombo siku ya Jumamosi, kwa sababu shahidi lazima awepo. Tukashuka na mashine kwenye lori la kabichi, pamoja na dumu letu la petroli likiwa limejaa. Njia nzima baba aliishika mashine kwa mkono mmoja, kwenye kila kona, kama anavyoshikwa mgonjwa.

Mombo kulikuwa na joto na vumbi na wauza machungwa. Mtu mmoja mwenye gereji kando ya barabara alituazima pipa na benchi imara. Rafiki wa kaka alikuwa ameshafika. Aliinama, "Shikamoo, mzee," na baba akaitikia "Marahaba" bila kuachia kamba.

Alivuta mara moja. Ikashtuka. Alivuta ya pili, ikawaka.

Haikukohoa. Baba aliipunguza mpaka ile sauti ya chini kabisa, pale ilipokuwa ikikata kila siku nyumbani, na ikabaki hapo, laini, sawasawa, maji ya pipa yakizunguka taratibu. Aliizima, akaiwasha, ikawaka. Akaizima tena, akasubiri ipoe, akaiwasha, ikawaka. Wauza machungwa walikusanyika. Mmoja akasema, "Mashine nzima hii, mzee, unauza?"

Baba alimgeukia yule kijana. "Siku ile haikuwaka?"

"Haikuwaka, mzee. Niliona kwa macho yangu."

"Alikuwa amekunywa?"

Kijana alitazama maji yanayozunguka kwenye pipa. "Hapana, mzee," alisema.

Baba aliendelea kumtazama. Mimi pia. Hakuinua macho.

Nilianza kusema. Nilisema pipa halina mawimbi. Nilisema mashine inayozimwa ikiwa moto huweza kulewa petroli na ikakataa kuwaka, hata kwa mtu mwangalifu. Nilisema upepo na hofu ya siku ile hatuwezi kuvileta hapa, na kwamba jaribio hili halithibitishi kitu. Yote yalikuwa kweli, na bado nayaamini hadi leo.

"Mwanangu," baba alisema, "ulisema mlima ndio unaodanganya. Nimeuondoa mlima. Sasa unataka niondoe nini kingine?"

Aliiacha mashine iendelee kunguruma. Petroli ilipopungua aliongeza kutoka kwenye dumu, na ilipopungua tena akaongeza, akiwa ameinamisha sikio, akingoja ikohoe hata mara moja. Haikukohoa. Dumu likaisha. Mashine ikanywa tone la mwisho, ikanyamaza.

"Chukua," alimwambia yule kijana. "Ni fungu lako. Lilikuwa limekosa mwenyewe."

Kijana alikataa kwa kichwa, machozi yakimtoka. Baba akaifungua mashine kwenye benchi, akambebesha begani. Kijana akapanda basi la Moshi nayo. Hatukumwona tena.

Tulipanda mlima jioni ile. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama. Nilikuwa na mengi, yaliyopangwa vizuri, kuhusu hewa na joto na kisichothibitika. Mama alikuwa mlangoni, amejifunga kanga mbili kwa baridi.

"Imewaka?"

"Haikuwaka," baba alisema. "Imeoza kabisa. Nimempa yule kijana akatafute vipuri."

Mama akanigeukia. Alijua mimi ndiye mtu wa nyumba ile asiyeacha jambo lipite bila kuulizwa. Tangu utoto alinipigia kelele kwa ajili hiyo.

"Kweli haikuwaka?"

"Haikuwaka, mama," nilisema.

"Nilijua," alisema. "Mwanangu hakuwa mzembe."

Akanipokea dumu. Tulikuwa tumeondoka nalo asubuhi limejaa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeziba mdomo wake kwa gunzi. Nilimwona akilipima kwa mkono, kisha akalitikisa karibu na sikio. Lilikuwa tupu. Mashine isiyowaka hainywi petroli, na mama alikuwa amekaa na mashine ile uani kwake muda wa kutosha kulijua hilo.

Alimtazama baba, aliyekuwa ameinama anavua viatu. Alinitazama mimi. Halafu akalitundika dumu kwenye msumari wake, akaingia sebuleni, akakunja mkeka.