Mguu wa Breki

Shemeji yangu hawezi kukaa kwenye gari bila kufunga breki, hata kama gari si lake na anayeendesha ni mtu mwingine. Amefundisha udereva karibu maisha yake yote, na magari ya chuo cha udereva yana breki mbili, ya mwanafunzi mbele ya usukani na ya mwalimu pembeni. Mwanafunzi akisahau, mguu wa kulia wa shemeji hausahau. Umezoea kazi hiyo mpaka unaifanya hata siku za mapumziko. Kwenye basi unakanyaga. Kwenye sofa, akitazama filamu ya watu wanaofukuzana, unakanyaga. Dada yangu, yaani mke wake, ana leseni aliyoipata kwa kufundishwa naye, lakini kila alipoendesha na mume wake akiwa pembeni walifika hawasemeshani, basi akaacha, funguo zikabaki kwa mwenye mguu.

Walipohamia mji huu shemeji akawa anakuja kushinda kwenye kibanda changu cha ushonaji kwa kukosa pa kwenda. Mimi nashona kwa cherehani ya miguu. Nikizungusha kitambaa kwenye ncha ya kola kwa kasi, nauona mguu wake chini ya meza unakandamiza sakafu.

"Shemeji, unaogopa nitagonga nini?" nikamuuliza siku moja.

"Endelea tu, shemeji. Ila kona ile umeiingia vibaya."

Walikuja kwa ajili ya dada. Dada ni muuguzi, na hospitali ya hapa ilimpa wodi ya watoto aisimamie, kazi aliyoitamani tangu akiwa mwanafunzi. Mimi nilikuwa nimeishi hapa peke yangu bila ndugu hata wa kuniulizia nikiumwa, na nilipopata habari kwamba wanakuja nilifurahi hadi nikashona mkono wa kulia wa gauni la mteja upande wa kushoto. Shemeji naye alikuja, lakini alikuja mguu ndani, mguu nje. Mwenye chuo cha udereva kule walikotoka alimwahidi kwamba gari lake litamngoja mpaka mwisho wa mvua, na baada ya hapo litapewa mwalimu mwingine. Dada akaniambia wazi, jikoni kwao, akiosha vikombe.

"Akirudi, nitarudi naye. Ndoa ya kwenye simu mimi siiwezi. Lakini nikiiacha wodi ile, mdogo wangu, nitaumia sana."

Akaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

Shemeji hakuwa mkaidi. Alikuwa mpweke, na upweke wa mwanaume aliyezoea kujulikana ni mgumu kuutibu. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye kwao alitunzwa kwa honi. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake, kwa hiyo akitembea barabarani kila gari lilimpigia honi ya salamu, naye akiinua mkono kama mgombea wa udiwani. Wiki yake ya kwanza hapa alisikia honi nyuma yake, akageuka, akainua mkono, akatabasamu. Dereva akatoa kichwa dirishani akamuuliza kama amechoka kuishi. Siku hiyo alirudi amenywea. Nyumba waliyopanga, yenye geti la kijani linalogoma kufunguka, yeye aliiita "huku". Neno "nyumbani" alilihifadhi kwa ajili ya kule.

Kuingia kwake klabu ya makasia ni kosa langu au ni sifa yangu, inategemea nani anasimulia, na kwa kuwa nasimulia mimi, ni sifa yangu. Klabu hiyo iko mtoni, nyuma ya soko la mbao. Wana banda refu lenye mashua nyembamba zilizopangwa juu ya vyuma, na walikuwa wamenipa kazi ya kuwashonea fulana za timu. Zilipokamilika nilimtuma shemeji azipeleke, maana alikuwa amekaa mlangoni kwangu akiwasahihisha madereva wanaopita, na wateja walishaanza kuingia kwa woga.

Huko alimkuta mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja. Ni mwalimu wa chekechea, na kwenye mashua ndiye mshika usukani. Mwalimu akagawa fulana, ikabaki moja, kwa sababu mpiga kasia wao mmoja alikuwa amehamishwa kikazi. Akaitazama ile fulana, akamtazama shemeji.

"Hii inakutosha wewe," akasema.

"Mimi nimetumwa tu."

"Hata mimi nilianza kwa kutumwa. Vaa tuone."

Akavaa. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Yeye alivaa badala ya kuvua, lakini maji yalikuwa yaleyale.

Sasa, mashua zile zina jambo moja ambalo sikulijua nilipokuwa namtuma, na ningelijua ningecheka mapema. Wapiga makasia wanne wanakaa wameipa njia mgongo. Wanaona walikotoka, hawaoni waendako. Anayeona mbele ni mmoja tu, mshika usukani, ambaye amekaa mkiani mwa mashua akiwatazama usoni, na yeye ndiye anayesema vuta, punguza, kulia, kushoto. Miguu ya kila mpiga kasia inafungwa kwa mikanda kwenye ubao. Mchukue basi mtu aliyepata riziki yake kwa kutazama mbele, mgeuze, mfunge miguu, halafu umwambie avute kwa nguvu zote.

Siku ya kwanza aligeuza shingo mpaka ikakaza. Kila alipogeuka, mashua ililala upande. Kila alipohisi kitu kinakuja, mguu wa kulia ulikandamiza ubao, mwili ukapinda, na mpini wa kasia ukamchoma mgongoni fundi bomba aliyekaa mbele yake. Fundi bomba ni mtu mkubwa, mpole, asiyeishiwa maneno.

"Bwana Breki," akasema bila kugeuka, "huo ni mgongo, si mlango. Hata ukibisha hodi hapafunguki."

Jina likashika siku hiyohiyo. Nami nikaombwa kulishona mgongoni mwa fulana, BREKI, kwa uzi mweupe. Alilalamika, lakini kesho yake alirudi mtoni, na kesho kutwa pia. Nadhani alirudi kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mji huu kumpa jina.

Mambo yalikwenda mrama Jumamosi moja asubuhi, hatua chache kutoka gatini. Kitu kilipiga maji kwa kishindo nyuma ya mgongo wake. Shemeji akageuka mwili mzima na kukanyaga breki ya mwisho, ile ya kuokoa maisha, na mashua ikapinduka na watu wote watano. Maji yalikuwa ya kifuani tu. Mwalimu alisimama, kofia ingali kichwani, maji yakimfika shingoni.

"Umeona nini?" akamuuliza.

Bata akapita katikati yao, taratibu, akiwa na haki zote za barabara.

Shemeji alikuja kibandani kwangu akichuruzika, fulana mkononi. "Fumua hili jina, shemeji," akasema. "Wampe fulana mtu mwingine. Mvua zenyewe zinaisha. Nitarudi nyumbani."

Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaniambia yeye hakuvunja koleo, alizamisha watu. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia pia, kwa sababu nilikuwa namwona dada na vikombe vyake. Nikamdanganya kwamba kufumua ni kazi ya wiki nzima, nikaisukuma fulana chini ya lundo la kazi zisizo na haraka.

Siku ya pili yake Mwalimu alikuja mwenyewe, akamkuta shemeji amekaa mlangoni. Hakumpa pole wala hakumlaumu. Alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Watoto wangu wakilia siku ya kwanza ya shule," akasema, "siwaambii wasiogope. Nawaambia wanitazame mimi. Kuanzia kesho unahamia kiti kilicho karibu nami, uso kwa uso. Ukihisi kuna kitu mbele, usigeuke. Nitazame usoni. Mimi sijui kuficha kitu. Kukiwa na hatari utaiona kwangu kabla sijafungua mdomo."

"Na nisipoiona?"

"Basi wewe vuta."

Shemeji akanigeukia. Mimi nilikuwa nimeshaichomoa fulana, imekauka, jina lake salama salimini.

"Ulisema wiki nzima," akasema.

"Nilikuwa sijaanza."

Basi wakaendelea. Mguu haukuacha tabia kwa siku moja. Tabia ni ngozi. Lakini shingo ilitulia, na mashua ikaanza kwenda pale inapotakiwa kwenda. Dada alikuwa akiwaambia wauguzi wenzake kwamba mume wake anashinda mtoni anamtazama mwanamke mwingine usoni, na kwamba yeye anamshukuru Mungu kwa hilo. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kumuuliza shemeji kuhusu mwisho wa mvua, na yeye hakusema.

Mvua zikaisha. Siku ya mashindano, tukiwa ukingoni mwa mto na dada akiwa ametoka zamu moja kwa moja na viatu vyake vya kazini, simu ya shemeji ikaita. Alikuwa mwenye chuo cha udereva. Tulimsikia wote wawili, maana mtu yule huongea kama anayemwelekeza mwanafunzi kiziwi.

"Nataka jibu leo. Gari haliwezi kulala bure."

"Nitakujibu jioni," shemeji akasema, akampa dada simu amshikie, akaenda kwenye mashua. Dada aliishika ile simu kwa mikono miwili kama inayoweza kulia tena wakati wowote.

Tulipanda darajani kutazama. Mashua zilikuwa nne, na njia yenyewe ilipita chini ya daraja, katikati ya nguzo. Walipokaribia, mashua ya jirani yao ikapotea njia na kuwabana kuelekea nguzoni. Watu pale darajani wakaanza kupiga kelele. Shemeji, aliyekuwa ametugeuzia mgongo, hakuona nguzo wala mashua. Alisikia kelele tu, na kivuli cha daraja kikamwangukia mabegani. Niliiona shingo yake ikianza.

"Usigeuke," dada akanong'ona. "Nakuomba, usigeuke."

Hakugeuka. Mgongo ulioandikwa BREKI uliinama, ukainuka, ukainama, na mashua ikaingia chini yetu. Tukakimbilia upande wa pili, dada mbele na viatu vyake vya kazini, tukawaona wanatoka salama, nyuso zao zikitutazama sisi sasa, huku wale majirani wakihangaika kujinasua kwenye nguzo. Walimaliza wa tatu kati ya wanne. Nyuma yao walikuwa hao waliokwama, lakini namna walivyoshangilia, usingejua.

"Ulikanyaga?" nilimuuliza alipofika nchi kavu.

"Mara moja," akasema, akihema. "Kisha nikamwona Mwalimu anajikuna pua. Nikasema moyoni, mtu anayekaribia kugonga nguzo hajikuni pua."

Fundi bomba akamwekea mkono begani. Binti yake anataka kujifunza gari, akasema, na mwalimu wa kumwamini hajamwona mji mzima. Wiki ijayo ingefaa? Dada aliacha kupumua. Nami pia, nakiri.

"Tutaongea," shemeji akasema, akaenda kuvaa viatu.

Tulipofika kwenye gari lao shemeji alijaribu kushika funguo, vidole vilivyochoshwa na kasia vikagoma kukunjika. Akamwangalia dada, akampa. Dada akamrudishia simu yake, akakaa mbele ya usukani, mimi nikakaa nyuma, na jambo la kwanza nililofanya ni kuchungulia mguu ule. Tukaingia barabara kuu. Dada, aliyekaa muda mrefu bila kuendesha na mwenye mawazo kichwani, aliingia kwenye mzunguko kwa kasi ambayo hata mimi sikuipenda. Mguu ulitulia juu ya zulia.

Shemeji hakuwa anatazama barabara hata kidogo. Alikuwa amejigeuza kitini, mgongo kwenye mlango, anamtazama mke wake usoni.

"Unaniangalia nini?" dada akauliza.

"Naangalia kama kuna hatari."

"Ipo?"

"Sijaiona."

Honi ikalia nyuma yetu. Gari la fundi bomba likatupita, mabomba yakigongana juu, na shemeji akainua mkono kabla hajafikiri. Mkono ulikuwa bado uko juu simu ya mwenye chuo ilipoita. Shemeji hakungoja jioni.

"Gari mpe mwingine, bwana," akasema. Sauti ya upande wa pili ikauliza kitu kirefu. "Hapana, sijagombana na mtu. Nimepata mwanafunzi, naanza naye wiki ijayo." Ikauliza tena. "Nyumbani? Ndiyo naenda sasa hivi. Si mbali, kuna geti la kijani."

Akakata simu, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Akafumbua jicho moja amtazame dada mara ya mwisho kabla ya kulala, akamkuta uso wote umejikunja na machozi yanashuka mpaka kidevuni. Mguu wa kulia ukakanyaga sakafu mpaka gari likatikisika.

"Nini? Umeona nini?"

"Sijaona kitu," dada akasema, akajipangusa kwa mkono wa sare. "Wewe lala."

Akakata kona ya kwetu kwa kasi ileile.