Simu Iliyovimba Nyumbani kwa Mama Yeongchun

Dada Tak Myeong-rye nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika jiko la shule ya msingi hapa Cheongju, Korea Kusini. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mikono imechubuka kwa maji ya moto. Ukimwona asubuhi anakoroga supu ya wanafunzi mia nne, usingedhani kwamba jioni kuna maelfu ya watu wanaosubiri kusoma alichoandika.

Alikuwa anaandika maoni juu ya simu. Alianza kwa hasira tu, pale binti yake Seul-bi alipomnunulia simu ya bei mbaya ambayo haikukitambua kidole kikiwa na maji. Akaingia kwenye jukwaa la wanunuzi mtandaoni, akaandika kwamba simu isiyomsikia mpishi haifai hata kuwekea mlango usijifunge. Watu wakacheka, wakamuuliza juu ya nyingine. Tangu hapo, kila simu au tableti mpya ilipotoka alitafuta namna ya kuishika na kuijaribu kivyake: aliibonyeza kwa vidole vyenye unga wa pilipili, akaisoma bila miwani, akaiacha iite jikoni huku mashine ya kuoshea vyombo inanguruma. Mambo ya kamera na kasi aliwaachia vijana. Wasomaji wake walikuwa watu wa rika lake, wanaowatafutia wazazi wao simu.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, kampuni moja ikatoa simu ya herufi kubwa na sauti ya juu. Dada aliipenda mno. Aliandika kwamba mtu mwenye mama mzee asiwaze mara mbili. Watu wakaibatiza jina, simu ya bibi, na mamia wakarudi jukwaani kumshukuru. Yeye mwenyewe alinunua mbili: yake, na ya mama yake, aliyekuwa na miaka themanini na mmoja na akiishi peke yake kijijini huko Goesan. Kijijini walimwita Mama Yeongchun, kwa jina la kule alikozaliwa.

Alhamisi moja, mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka huohuo, tulikuwa tumemaliza kusugua masufuria. Dada akafungua kabati lake kutoa simu, kisha akaniita kwa sauti ya chini. Kioo kilikuwa kimenyanyuka upande mmoja, na mgongo umetuna kama andazi.

"Betri imevimba," alisema. "Jana niliona kava halibani, nikadhani ni kava."

Nikamwambia aipeleke kwa fundi. Uso ulikuwa umempauka, nami nikaelewa anachokiwaza: simu ya mama yake ilikuwa ya aina hiyohiyo. Baridi ilikuwa imeanza. Mama yake alikuwa amekwisha kuwasha joto la sakafu, lile la mabomba yanayopita chini yake, na analala hapohapo sakafuni. Simu huichaji kando ya mto, chini ya blanketi, ili mlio usimpite.

Akapiga kwa simu yangu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Tukampigia mkuu wa kijiji, Bwana Gil, ambaye alikuwa shambani kwenye kabichi za kutia chumvi kama kijiji kizima msimu ule. Dada alimweleza kwamba simu ya mama yake inaweza kulipuka, amzuie asiingie chumbani. Bwana Gil akasema atatangaza kwenye kipaza sauti cha kijiji. Sisi tukaingia kwenye gari langu bila hata kuvua aproni.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia Bwana Gil alipopiga.

"Nimetangaza mara mbili," alisema. "Amesikia. Nimemwona anatoka shambani, anaelekea nyumbani mbio."

"Mbio za nini?" Dada aliuliza.

"Nafikiri alichosikia ni hilo neno simu."

"Basi mkimbilie, Bwana Gil. Nakuomba."

"Kwa goti hili? Nakwenda, lakini usinitarajie mapema."

Dada alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Nilikuwa naogopa kumwangalia, nikawa naangalia barabara, nikijiambia kwamba kama kungekuwa na moto tungeona moshi. Kisha tukaona moshi juu ya mapaa, na Dada akaanza kufungua mkanda gari likiwa linakwenda. Ulikuwa moshi wa mtu anayechoma mabua ya pilipili.

Tulipoingia uani, Mama Yeongchun alikuwa anatoka chumbani na mabuti yake ya shambani. Simu ilikuwa mkononi.

"Afadhali umekuja," alisema. "Simu yako hii imenenepa."

"Mama, iweke chini. Polepole."

"Eh?"

"Chini, mama. Iweke chini."

"Itaingia vumbi," alisema, akaja kwetu ameinyoosha mbele ili binti yake aione vizuri. Ilikuwa inatoa harufu kama ya rangi ya kucha. Mimi nilibaki karibu na gari. Dada alimfuata, akaitwaa mkononi kwa mama yake taratibu kama mtu anayepokea yai, akatembea nayo hatua kumi na tano hivi mpaka kwenye fungu la mchanga nyuma ya mitungi ya kimchi, zile kabichi za chumvi. Akaiweka, akaifunika kwa mfuniko mzito wa mtungi, akarudi akamvuta mama yake nyuma ya ukuta. Hatukukaa sana. Tulisikia mfoko, kama mafuta yakirushiwa maji, halafu mfuniko ukapasuka vipande viwili na moshi mweupe ukapanda.

"Na namba zangu zote zimo humo," alisema Mama Yeongchun.

Dada aliingia chumbani, akafunua blanketi. Mkeka ulikuwa na doa la kahawia la ukubwa wa kiganja, shibiri moja kutoka kwenye mto. Akaketi hapo, na kila nilipomwambia mama ni mzima, alinijibu jambo moja: wako wangapi walionisikiliza?

Ijumaa aliitaarifu kampuni. Mchana huohuo akapigiwa na mwanamume wa kampuni hiyo mwenye sauti laini. Alimpa pole, kisha akamweleza kwamba kuchajia juu ya sakafu yenye moto ni matumizi mabaya, na kwamba kuna sheria inayomwadhibu mtu anayeharibu jina la mwenzake hata kwa maneno ya kweli. Akamshauri asubiri uchunguzi. Mume wa Dada, aliyekuwa amekaa karibu anasikiliza, aliingiwa na hofu kuliko yeye.

"Mama Seul-bi, subiri," alimwambia. "Hao wana mawakili. Sisi tuna nini?"

Akasubiri. Hilo alinisimulia mwenyewe bila kujitetea. Ijumaa ile mpaka usiku na Jumamosi nzima alikaa na simu ya binti yake mapajani, akiandika na kufuta. Jumapili asubuhi akaandika mistari michache: alichokiona, picha ya mkeka, na kwamba yeye ndiye aliyewaambia wanunue, kwa hiyo waiondoe kitandani sasa hivi.

Wengine walimtukana, wakasema amehongwa na kampuni shindani. Mmoja akaliandika jina la shule yetu. Wiki ile Dada hakutoka getini peke yake, na barua ya mawakili wa kampuni ya kumtishia mahakama ilipofika alinipa mimi niifungue. Lakini watu wakaanza kuleta picha. Simu kumi na tisa zilizotuna, zikawa arobaini. Katikati yao kulikuwa na maneno ya kijana wa Mokpo: simu ya baba yake ilikuwa imewaka Jumamosi jioni, na mzee ameungua mkono wa kulia.

Jumamosi. Dada alilisoma neno hilo mpaka nikamnyang'anya simu.

Wiki tatu baadaye kampuni ikatangaza kwamba itabadilisha betri zote. Haikumtaja, haikumwomba radhi, na mambo ya mahakama yakafa kimyakimya. Mimi nikadhani sasa atapumua. Badala yake aliomba namba ya yule kijana, akampigia mbele yangu wakati wa mapumziko, akamwambia alijua tangu Alhamisi na akanyamaza siku mbili kwa woga.

Kijana akasema mkono wa mzee unapona, ila vidole viwili havikunji. Akaongeza, "Baba yuko hapa. Anauliza, sasa anunue ipi?"

Dada alizijua simu zote zilizokuwa madukani msimu ule, uzito wake na sauti zake. Aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeulizwa.

"Sijui, kaka," alimwambia hatimaye. "Mwambie baba sijui."