Mgomo wa Chapati

Serikali ya kaunti ilipokuja, mji wa Isiolo ulijaa watu wa semina, na watu wa semina hula. Mimi nilikuwa mpishi wa chapati katika hoteli moja kando ya barabara kuu. Tulikuwa wafanyakazi sita, hakuna aliyejua siku ya mapumziko. Mwenzetu mmoja alipoungua mkono kwa mafuta, mzee mwenye hoteli alimwambia apake dawa ya meno arudi jikoni.

Hapo ndipo tukajiunga na chama cha wafanyakazi. Ofisa wa chama alikuja akatueleza haki zetu, akala chapati nne. Nikachaguliwa kiongozi, nadhani kwa sababu ya sauti yangu.

Mzee hakutaka mazungumzo. "Nyinyi ni watoto wangu," alisema. "Tangu lini watoto wakawa na chama?"

"Watoto hupumzika Jumapili, mzee," nikamjibu. Kesho yake tukagoma.

Mzee akaingia jikoni mwenyewe. Sisi tukajipanga nje ya dirisha kama watu waliokuja kutazama sinema. Chapati yake ya kwanza iliungua upande mmoja, upande wa pili mbichi. Karani mmoja wa kaunti aligonga meza kwa chapati ya tatu, tukasikia mlio. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kisha njaa ikatubana. Tukavuka barabara hadi hoteli ya mama mmoja Mborana, tukakuta wateja wetu wote wamehamia huko. "Salaam aleikum, mashujaa!" akatupokea, akatumiminia chai ya maziwa ya ngamia bila malipo. Akaninong'oneza, "Msikubali haraka. Mkilegea leo atawadharau." Nikamwona mtu mwema kabisa.

Siku ya tatu nilikuwa nanawa mikono pale kwake, nikasikia sauti yake nyuma ya pazia la chumba cha familia. "Usikubali haraka, mzee. Ukiwapa siku moja watataka mwezi." Nikafunua pazia. Mzee wetu alikuwa ameketi pale, mdomo umejaa chapati.

"Mama," nikauliza, "wafanyakazi wako wana siku ya kupumzika?"

Akakumbuka ghafla kwamba ana maharagwe motoni, akaondoka.

Mzee akameza. "Dada, tumechezewa."

"Wote wawili," nikasema, nikavuta kiti. Tulielewana palepale: siku moja ya mapumziko kila wiki, na anayeumia kazini atibiwe na hoteli.

Ningependa kusema tulishinda, niishie hapo. Lakini wateja wengi hawakurudi. Walikuwa wameizoea ile chai. Baada ya miezi michache mzee alifunga zamu ya jioni, na mhudumu aliyeajiriwa mwisho akakosa kazi. Chama kiliandika barua kali, nzuri sana, lakini barua haileti wateja. Nilimsindikiza mhudumu huyo mpaka kwenye lori la bidhaa lililokuwa likienda kwao Merti.

"Sikulaumu sana, dada," aliniambia akipanda. Hilo neno "sana" lilinikosesha raha wiki nzima.

Halafu Jumapili moja, nikiwa nimepumzika nyumbani mtaa wa Kiwanjani, wapishi wawili wa yule mama walibisha hodi. Walitaka kujua watu hujiunga vipi na chama. Niliwaeleza yote, hata habari ya lori la Merti. Wakatazamana, wakafikiri kidogo, kisha mmoja akaniomba kalamu.