Salamu ya Kavira Iliyokwama Mpondwe

Naona haya hata kuandika, lakini mimi, mtu mzima mwenye masharubu, niliwahi kusadiki kwamba sauti ya redio ikitoka Kongo hupita mpakani Mpondwe kama vitunguu na kahawa, na kwamba afisa wa forodha akitaka anaweza kuifungia ghalani. Baluku, mpagazi wa pale mpakani, ndiye aliyeniambia, tena kwa uso mkavu, nikamshukuru.

Wakati huo nilimpenda Kavira, binti wa Butembo, kule Kongo, aliyeleta vitunguu soko la Mpondwe kila Ijumaa (akicheka, malori yalizima injini yenyewe, nawaambia). Nilipomwomba tuoane aliniangalia kwanza. "Thembo, acha nifikiri. Jibu ntakutumia mu redio, dimanche, saa sita ya muchana, wakati wa masalamu."

Basi badala ya kusikiliza peke yangu kama mtu mwenye akili, niliazima redio ya katekista, nikaiweka juu ya meza nje ya hoteli ya chai pale kwetu Bwera, nikaalika watu mia tatu (sawa, kumi na saba). Jumapili saa sita ikafika, jua utosini, mtangazaji wa stesheni ya mbali kule Kongo akasema, "Kutoka Butembo, Kavira anamwambia Thembo wa Bwera kwamba..." na redio ikanyamaza. Haikukoroma, haikupiga mluzi; ilinyamaza kama imefunikwa blanketi. Tukabadili betri, tukaitikisa, tukaipandisha juu ya paa, kimya nusu saa nzima, na iliporudi ilikuwa inapiga muziki.

"Forodha imekamata," Baluku akasema.

Nikatoka mbio na suti yangu ya kanisani mpaka Mpondwe, wale kumi na saba nyuma yangu wakiongezeka njiani, nikamkuta afisa mbele ya foleni ya malori, nikamwambia anirudishie salamu yangu. Hakucheka. Alinipa fomu. Nami nikaijaza, ndugu zangu, kwa mwandiko mzuri: aina ya mzigo, jibu; uzito, haujulikani; aliyetuma, Kavira, mchumba wangu Mungu akipenda. Ndipo akapanda juu ya kiti akaisoma kwa sauti.

"Afande, angalia kwa gunia ya samaki!" dereva mmoja akapiga kelele. "Pengine iko inanuka!"

"Mumupe risiti, arudie kwao!" akaitikia mama mmoja wa Kongo.

Siku hiyo hiyo nilikimbilia Kasese kwa binamu yangu, nikaapa sitakanyaga Mpondwe miezi miwili, na nikatimiza (kiapo pekee nilichowahi kutimiza). Niliporudi, Baluku hakunitania.

"Kavira alikuja Ijumaa iliyofuata," akasema. "Tukamwambia mambo ya fomu. Akacheka mpaka machozi. Akasema, basi utakuja mwenyewe kumuuliza. Alikaa juu ya mizigo yake mpaka jioni. Ijumaa tatu, bwana."

"Na jibu lilikuwa nini?"

"Nilimuuliza. Akasema jibu iko ya Thembo."

Nikasema nitamngoja aje tena. Hakuja.

Baadaye, katika shule ya jioni ya watu wazima kule Kasese, mwalimu alitufundisha habari za jua: kwamba nguvu ya kiini chake hutangatanga ndani maelfu ya miaka, ikisukumwa huku na huku, halafu karibu na juu hupanda kwa kuchemka kama uji, na kutoka hapo hadi kwetu ni dakika nane tu. (Nikauonea wivu mwanga huo, kwamba mwishowe unafika.) Tena akasema mara nyingine jua hulipuka likatoa eksirei, aina ile ile ya hospitali, chini hapa hazifiki, lakini huvuruga anga la juu linalorudisha mawimbi ya redio, na stesheni za mbali zikazimika upande wote wenye mchana.

Nikanyoosha mkono nikaeleza yote, hata fomu. Darasa likalala juu ya madawati kwa kicheko. Mwalimu akangoja wanyamaze.

"Salamu yako pengine ilisomwa mpaka mwisho," akasema. "Forodha haina uwezo juu ya sauti. Jua lilikuzuia nusu saa, Thembo. Hiyo miezi miwili ni wewe."