Mlio wa Pete za Miguuni

Mtunzaji wa chumba cha makumbusho pale Manga, katika nchi ya Wagusii, hagusi kitu kabla ya kufuta viganja vyake kwenye leso, hata kama ametoka kunawa sasa hivi. Vibuyu na vigoda alivyokusanya vijijini huvipangusa taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga, na wageni huwaambia kwa sauti ya chini, "Tunatazama kwa macho." Nyanchera, ajuza wa jirani, alikwisha kuyazoea hayo. Basi siku lilipofika sanduku kutoka Ulaya, lenye pete za chuma walizovaa miguuni wake wa Kigusii wa zamani, zilizochukuliwa na mwanamke mmoja Mzungu aliyezunguka huku akikusanya vitu enzi za ukoloni, ajuza alisimama mbali na meza, mikono nyuma.

Mtunzaji alizitoa moja moja. Akasita, kisha akamwita.

"Nyanya, njoo uzishike."

"Na waliozileta wakikasirika?"

"Zimefika nyumbani. Shika tu."

Nyanchera akazikusanya mkononi, na zilipogongana akacheka peke yake. "Mama akitoka mtoni na mtungi, tulisikia mlio huu kabla hatujamwona. Tuliacha kupigana, tukakimbilia ufagio."

Mtunzaji hakucheka. Yeye alizaliwa wanawake wakiwa wameshaacha kuzivaa. Alivuta kiti, akaketi karibu na ajuza, akafumba macho.

"Tikisa tena," akasema, "polepole."